Hatamu Mkononi, Lijamu Kinywani

Miongoni mwa semi zinazopendwa mno na watumizi wa Kiswahili, hususan waandishi wa habari na wanasiasa, ni usemi wa kushika hatamu. Mkurugenzi mpya anapoteuliwa, huambiwa ameshika hatamu. Chama kinaposhinda uchaguzi, huandikwa kwamba kimeshika hatamu za uongozi. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1970, usemi huu ulipandishwa daraja ukawa kaulimbiu ya taifa zima: chama kushika hatamu. Mwanafunzi wa Kiswahili naye hukutana nao tangu shule ya msingi, akautia katika insha zake, akatuzwa alama kwa kuutumia, na yamkini akahitimu chuo kikuu bila kuitia hatamu yenyewe mkononi hata siku moja.

Hilo si kosa lake. Semi nyingi huishi muda mrefu baada ya vitu vilivyozizaa kutoweka machoni pa watu. Hata hivyo, usemi huu una upungufu mmoja unaostahili kutajwa: huutazama ukanda kutoka upande wa mkono peke yake. Hatamu ni ukanda wenye ncha mbili. Ncha moja imo kiganjani mwa mtu. Ya pili imefungwa kwenye lijamu, kile chuma kilalacho ndani ya kinywa cha farasi. Anayezungumzia hatamu bila kuikumbuka lijamu amesimulia nusu ya hadithi, tena ile nusu isiyouma.

Nusu ya pili hudhihirika zaidi penye kasi kubwa, yaani katika mashindano ya mbio za farasi. Huko, namna mnyama anavyokichukua kichwa chake, na namna mkono wa mpandaji unavyokigusa kinywa hicho, ni jambo la ushindi na kushindwa, la pumzi na kukosa pumzi, na mara nyingine la uhai na mauti.

Waswahili hawakuwa watu wa kupanda farasi kwa wingi. Mbung'o na maradhi ya nagana yaliwazuia wanyama hao kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na kazi ya kubeba watu na mizigo pwani ikaachiwa punda. Ajabu ni kwamba msamiati ulifika ukakaa. Farasi, lijamu na hatamu ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na Kiarabu chenyewe kililikopa neno lijamu kutoka Kiajemi. Kiswahili kina hata majina ya mwendo: farasi aendaye kasi kabisa huenda shoti, aendaye mwendo wa wastani wa kudundadunda huenda matiti, na punda mwenye haraka huenda telki.

Mtunzaji wa farasi huitwa saisi, na neno hili lina nasaba ya kushangaza. Limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliokipa Kiswahili neno siasa. Mzizi huo ulihusu kutunza na kufunza wanyama, farasi hasa, kabla ya maana yake kupanuka na kuhusu uongozi wa watu. Siasa na saisi, basi, ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikwenda ikulu, mwingine akabaki zizini.

Farasi wa mbio naye ana safari yake. Farasi wote wa nasaba ya Thoroughbred, ambao ndio wanaokimbia katika viwanja vya Kenya, huhesabiwa kwa upande wa baba kuwa wazao wa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Mmoja wao, Darley Arabian, aliwasili huko mwaka 1704. Wazao wao waliletwa na walowezi wa Kiingereza katika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Race Course Road jijini Nairobi lingali likikumbusha uwanja wa zamani wa upande wa mashariki, kabla ya mbio kuhamishiwa Ngong mwaka 1954. Hivyo, jina la farasi lilivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi, ilhali farasi mwenyewe alizungukia Ulaya, na hatimaye wawili hao wakakutana Nairobi.

Mtazamaji wa kawaida anayefika Ngong siku ya mashindano huona rangi za mavazi ya wapandaji, akasikia kishindo cha kwato, akaangalia namba iliyomo katika tikiti yake ya kubahatisha. Ni wachache wanaokitazama kichwa cha farasi. Anayekitazama husoma mengi hata kabla ya malango kufunguliwa.

Ili kukisoma kichwa, sharti kwanza kieleweke kinywa. Kinywa cha farasi kimeumbwa kana kwamba kiliachiwa nafasi ya chuma. Mbele yamo meno ya kukatia nyasi, sita juu na sita chini. Nyuma kabisa yamo magego ya kusagia. Kati ya makundi hayo mawili kuna pengo lisilokata wala kusaga kitu, na hapo ndipo lijamu hukaa. Lakini pengo kuwa tupu si hoja ya kulifanya kuwa sugu. Ufizi wa mahali hapo ni mwembamba, na chini yake taya lina ukingo wa mfupa usio na nyama ya kuukinga. Lijamu hulala juu ya ulimi, na ulimi hulala baina ya kingo hizo mbili. Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa, wakiwa na maana kwamba waweza kusema lolote. Kwa farasi methali hiyo ina maana nyingine kabisa: ulimi usio na mfupa ndio mto pekee uliopo kati ya chuma na mfupa wa taya.

Lijamu ya kawaida ni vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa katikati kwa kiungo, na pete mbili pembeni zinazofungiwa hatamu. Mkono ukivuta, chuma huubana ulimi, huukandamiza ufizi na kuzivuta pembe za midomo. Mkono ukiachia, mbano hupungua. Mazungumzo yote yapitayo katika ukanda huo yamejengwa kwa sauti hizo mbili, kubana na kuachia, kama ngoma yenye mlio mzito na mlio mwepesi. Isitoshe, kinachomfundisha farasi si kule kubana. Ni kule kuachia kunakofuata mara tu anapofanya alichoombwa. Mkono usioachia hausemi tena. Umebaki kupiga kelele ya namna moja, na hata mwanadamu huzoea kelele ya namna moja asiisikie.

Kuna jambo la pili, nalo ni uzito. Kichwa na shingo ya farasi kwa pamoja ni takriban sehemu moja kwa kumi ya uzani wake. Kwa farasi wa mbio mwenye kilo 450 hadi 500, hiyo ni kilo 45 au 50 zinazoning'inia mbele ya miguu ya mbele. Uzito huo ndio mizani yake. Kwa kuuinua, hurudisha mzigo nyuma. Kwa kuunyoosha mbele, husogeza mzigo mbele. Vijana wanaovuta mikokoteni katika masoko ya Nairobi wanaijua kanuni hii bila kufundishwa darasani: wakifika mteremkoni huinua mipini, wakifika mwinukoni huiinamia, na tofauti ya shubiri moja tu huamua iwapo mkokoteni utawasukuma au watausukuma. Farasi hufanya kazi hiyohiyo kwa shingo.

Toka kisogoni hadi kwenye kinundu cha mabega, shingo hiyo imeshikiliwa na kano nene yenye kunyumbuka. Kano hiyo huvutika kichwa kinaposhuka, kisha husaidia kukirejesha juu bila misuli kutumia nguvu nyingi. Farasi aendapo shoti, kichwa hushuka na kunyooka mbele, kisha hurudi na kuinuka, mara moja kwa kila hatua kamili ya miguu minne. Katika mbio, hatua kama hizo hupita mbili na zaidi kwa kila sekunde. Mkono wa mpandaji unaoganda mahali pamoja huku kichwa kikienda na kurudi humgonga farasi kinywani kwa mpigo huohuo, mara mbili na zaidi kwa sekunde, tokea malango yafunguliwapo hadi mstari wa mwisho. Mkono unaokwenda na kichwa haugongi kabisa, ingawa ukanda haujalegea. Anayetazama kutoka jukwaani haioni tofauti. Farasi huijua.

Jambo la tatu ni pumzi, na hapa mwanafunzi wa fonetiki atakutana na kiungo anachokifahamu vyema. Katika kinywa cha binadamu, kaakaa laini huinuka na kushuka. Likishuka, hewa hupita puani na msemaji hutamka m, n au ng'. Likiinuka, hewa hutoka kinywani. Binadamu, kwa hiyo, anaweza kupumua kwa pua au kwa kinywa apendavyo. Farasi hana hiari hiyo. Kaakaa laini lake ni refu, limejifunga chini ya kidakatonge, na limekitenga kinywa na njia ya hewa. Farasi hupumua kwa pua peke yake, hata anapokimbia kufa na kupona. Endapo kaakaa hilo litachomoka mahali pake katikati ya mbio na kukaa juu ya kidakatonge, huziba sehemu ya njia ya hewa. Husikika mkoromo, na mnyama aliyekuwa akiongoza hupungua kasi ghafla kana kwamba amefungwa kamba.

Fauka ya hayo, pumzi ya farasi aendaye shoti imefungamana na hatua zake: hatua moja, pumzi moja. Miguu ya mbele inapopokea uzito, hewa hutoka. Mwili unaponyooka, hewa huingia. Zaidi ya pumzi 120 hupita kwa dakika moja kwa utaratibu huo. Hapo ndipo mkao wa kichwa unapoacha kuwa suala la urembo. Shingo ikinyooka na pua ikitangulia, njia ya hewa hunyooka pia. Kidevu kikivutwa kuelekea kifuani, njia hiyo hupindwa kooni, na kupita kwa hewa huwa kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo, mkono unaoivuta hatamu kwa nguvu haugusi kinywa pekee. Unagusa kifua.

Hata macho yamo katika hesabu hiyo. Macho ya farasi yako kandoni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso. Sehemu anayoiona kwa macho yote mawili hufuata mwelekeo wa pua. Akiinyoosha pua mbele huona mbali aendako. Kidevu kikivutwa kifuani, macho hayo huelekezwa chini na ya mbele humpotea. Farasi anayekiinua kichwa ghafla kundini huenda asiwe mkaidi hata kidogo. Huenda ameona, au anajaribu kuona, jambo ambalo mpandaji hajaliona.

Baada ya hayo yote, msomaji angetarajia kuambiwa kwamba farasi wa mbio hukimbia vizuri hatamu zinapolegezwa. Sivyo ilivyo, na hapo ndipo utata wa mambo ulipo. Katika shule ya kawaida ya kupanda farasi, mwanafunzi hufunzwa kwamba kuvuta ni kusimamisha. Farasi wa mbio hufunzwa mazoezini, asubuhi baada ya asubuhi, kukimbia huku akiiegemea lijamu kwa kiasi. Anayevuta kwa papara ili kumsimamisha huenda akamwongezea ari, kwa sababu katika ufahamu wa farasi huyo mgusano thabiti ni ishara ya kuendelea. Wapandaji stadi huzikutanisha hatamu mbili mikononi zikawa kama daraja fupi juu ya shingo. Mnyama anapovuta, huvutana na uzito wa shingo yake mwenyewe badala ya kuing'oa mikono ya mtu. Sehemu ya mwanzo ya mbio hukimbiwa hivyo, nguvu zikiwekwa akiba. Karibu na mwisho, mikono husogezwa mbele, ukanda huongezwa urefu kadiri shingo inavyodai, na farasi hutumia alichobakiza.

Mgusano huo umewezekana pia kwa sababu ya namna wapandaji wanavyokaa, au tuseme wasivyokaa. Hadi karibu na mwisho wa karne ya 19, wapandaji wengi wa Uingereza walikaa wima juu ya tandiko, miguu ikiwa imenyooka. Mmarekani Tod Sloan, aliyefika Uingereza mwaka 1897, alichekwa kwa kujikunyata juu ya shingo huku vikuku vya miguu vikiwa vimefupishwa, akafananishwa na tumbili. Kicheko kilikwisha aliposhinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyakati za mbio ziliboreka kwa asilimia 5 hadi 7 katika kipindi ambacho mtindo huo ulienea, na kwamba siri yake ni mpandaji kutumia miguu yake kama springi, ili mwili wake usipande na kushuka pamoja na farasi. Lakini mtindo huo una sharti gumu. Mtu asiyekalia kitu hutafuta pa kujishikilia. Asiyekuwa na nguvu za miguu na kiuno hujishikilia kwenye hatamu, na anayejishikilia kwenye hatamu, hakika, amejitundika kinywani mwa mnyama.

Farasi aliyetundikwa mtu kinywani hujibu. Hana maneno, ila ana kichwa. Hukirusha juu ili chuma kihame kutoka kwenye ufizi kiende kwenye pembe za midomo. Hufungua kinywa. Huuvuta ulimi nyuma na kuupitisha juu ya lijamu. Hupinda shingo upande mmoja na kukimbia mshazari. Si kila ishara ya namna hiyo imesababishwa na mkono, kwa maana jino bovu, maumivu ya mgongo, woga na msisimko wa umati huleta dalili zilezile. Lakini zote ni majibu, na jibu hutaka kusikilizwa kabla ya kukanushwa.

Aghalabu hukanushwa. Farasi afunguaye kinywa hufungwa ukanda wa pua ulioongezwa kukazwa. Avutaye ulimi hufungwa ulimi kwa kitambaa. Ainuaye kichwa huvishwa ngozi ya kondoo yenye manyoya juu ya pua, ili akiinua asione anakokanyaga, ajifunze kukishusha. Ashindikanaye kuongozwa hupewa lijamu yenye pete ya ziada inayolizunguka taya la chini. Vifaa hivi havikubuniwa na watu wakatili. Vingi vilibuniwa na watu waliokuwa na tatizo la kweli na mbio za kukimbia siku ya tatu. Hata hivyo, kuna methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kinywa kilichofungwa hakionekani kulalamika, na asiyeonekana kulalamika hudhaniwa hana lalamiko.

Ushahidi wa kilichomo ndani ya vinywa hivyo umeanza kukusanywa. Watafiti nchini Finland waliwachunguza farasi 261 wa mbio za matiti baada ya mashindano, wakachapisha matokeo mwaka 2019: asilimia 84 walikuwa na jeraha jipya moja au zaidi mahali lijamu inapokaa. Ni kweli kwamba farasi hao huvuta vigari na hawaendi shoti, na si haki kuichukua takwimu yao na kuwabandika farasi wa Ngong. Lakini kinywa ni kilekile, na chuma ni kilekile. Jambo zito zaidi ni kwamba majeraha ya ndani hayaonekani kwa nje. Farasi anaweza kupita mbele ya majaji na wapiga picha akiwa amejeruhiwa bila tone la damu mdomoni. Mapema zaidi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, daktari wa mifugo Robert Cook alikuwa amekwisha kudai kwamba chuma hiki huvuruga pumzi na huleta maumivu, akapendekeza hatamu zisizo na lijamu. Si wataalamu wote waliokubaliana naye kuhusu kila hoja, ila swali lake halijafukiwa.

Upande wa pili nao una hoja zake, na haungekuwa uadilifu kuzipuuza. Farasi wa mbio ni kilo 500 zinazokwenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na zaidi, kundini, kwato za mmoja zikikaribia kugusa za mwingine. Mpandaji asiyeweza kumgeuza au kumpunguza mwendo huhatarisha shingo yake, shingo ya mwenzake na miguu ya farasi wote walio nyuma. Wanaoitetea lijamu hawatetei maumivu. Wanatetea uwezo wa kunong'ona katikati ya kishindo. Mjadala, kwa hiyo, si wa wema dhidi ya uovu. Ni mjadala kuhusu kiasi: ni kiasi gani cha chuma, na mkono wa aina gani.

Mjadala huu, aidha, si mpya. Mgiriki Xenophon, aliyeandika kitabu kuhusu upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kueleza tofauti ya lijamu laini na lijamu kali, akasisitiza kwamba mkono unapaswa kulegea mara farasi anapotii. Miaka zaidi ya 2,300 imepita. Vyuma vimebadilika, na saa za kupimia mbio hukata sekunde vipande vipande. Somo la mkono bado linarudiwa kwa kila mwanagenzi, kana kwamba halijawahi kufundishwa.

Yupo mtu mmoja anayelijua somo hilo kabla ya wote, naye ni saisi. Alfajiri, baridi ya nyanda za juu ikiwa bado nzito, lijamu iliyoning'inia ukutani usiku kucha huwa baridi kama barafu. Saisi mwema huifumbata kwanza viganjani ikapata joto. Kisha hutia kidole gumba katika lile pengo lisilo na jino, farasi akafungua kinywa kwa hiari, na chuma kikaingia bila kugonga meno. Ni yeye anayeona ufizi ulioumuka, pembe ya mdomo iliyochubuka, tonge la nyasi lililotafunwa nusu likatemwa. Huyajua hayo yote, kisha humkabidhi mtu mwingine hatamu. Mchana, jina litangazwalo kwenye vipaza sauti huwa la farasi, la mmiliki, la mkufunzi na la mpandaji. Saisi hupita akimwongoza mnyama kwa kamba, macho yake yakiwa kinywani.

Hapa ndipo nasaba ya maneno inapotoa funzo. Lugha ilipotafuta neno la kuongoza watu, ililichukua kutoka kwa anayetunza. Siasa ilizaliwa zizini, mikononi mwa yule anayepasha chuma joto kabla ya kukitia katika kinywa cha mwingine. Usemi wa kushika hatamu ulikuja kwa njia nyingine, kutoka juu ya tandiko, na ndio unaotamba leo katika magazeti na majukwaa. Hakuna haja ya kuutupa. Ni usemi mzuri, na wanaoutumia hawana hatia. Lakini maana yake haijakamilika mpaka iulizwe ncha ya pili ya ukanda inamgusa nani, na kama yeye aliyeguswa ana namna ya kujibu bila kufungwa kinywa. Mwalimu mwenye darasa, mzazi mwenye mtoto, mhariri mwenye mswada wa mwandishi chipukizi, kila mmoja ana ukanda mkononi. Kukaza ni rahisi, kwani hata mtoto mchanga hukaza kiganja. Kazi ni kujua ni lini uachie.

Mbio za farasi zina hukumu yake kuhusu suala hili, na hukumu hiyo haina huruma. Farasi wawili wakifika mstari wa mwisho kwa pamoja, haiangaliwi miguu ya nani ilikuwa mbele, wala kifua cha nani, wala rangi ya mpandaji gani. Huangaliwa picha, na katika picha hutazamwa pua. Pua iliyotangulia, hata kwa upana wa kidole, ndiyo iliyoshinda. Miezi ya malisho, mazoezi ya alfajiri, gharama zote na matumaini yote huishia katika swali la umbali ambao kichwa kimoja kiliweza kunyooka. Mpandaji aliyeshindwa kusogeza mikono yake mbele katika hatua ile ya mwisho, akaendelea kukaza kwa kuwa ndivyo alivyozoea, amekwisha kumnyima farasi wake ushindi ambao miguu ilikuwa imeupata.